Blenda mbili zimeungua, ya tatu ninunue ipi? Jibu la fundi

"Habari fundi. Naomba unisaidie maana nimechoka kununua blenda. Ya kwanza nilikuwa nasagia tangawizi na viungo vikavu, ikaanza kunuka kama waya unaungua, ikazima mpaka leo. Ya pili ilianza kuacha maji meusi chini ya jagi, nikawa nafuta tu naendelea, sasa hivi nikiwasha mota inalia vizuri lakini visu havizunguki. Tuko watu watano, juisi natengeneza karibu kila siku, nasaga nyanya na vitunguu, barafu mara mojamoja, na mtoto mdogo namsagia supu. Mume wangu anasema safari hii tuchukue ya wati 3000 tumalize, dada yangu anasema bila jagi la kioo najidanganya na plastiki ina sumu, na mimi mwenyewe nimeipenda ile ndogo ya kikombe. Nichukue ipi?"

Pole dada. Kabla hatujafika dukani nikwambie kitu, hiyo blenda yako ya pili inawezekana kabisa haijafa. Mota ikilia vizuri na visu vimetulia maana yake umeme unafika na mota inazunguka, ila nguvu haipandi kwenye visu. Kati ya mota na visu kuna kigia kidogo cha raba au plastiki ngumu, kimoja kiko juu ya besi, ile sehemu ya chini yenye mota, na mwenzake yuko chini ya jagi, vinaumana. Chomoa plagi, toa jagi, angalia hapo. Ukikuta meno yamelika yamekuwa mviringo, au kimepasuka katikati, umeshampata mgonjwa. Kwenye blenda nyingi hicho kigia kimewekwa kiwe dhaifu makusudi, ili visu vikikwama kiharibike chenyewe na mota ipone, na ni spea ya bei ndogo ukilinganisha na blenda nzima. Ila kukifungua si kama skrubu ya kawaida, nyingi zinafunguka kwa kuzungusha upande ule unaokaza vitu vingine, kwa sababu zimepangwa mota ikizunguka ijikaze badala ya kujifungua. Watu wengi wanavunja mhimili hapo kwa kulazimisha, kwa hiyo kama hujawahi kufanya mpelekee fundi.

Halafu yale maji meusi. Ile ndio ilikuwa taarifa yenyewe na wewe ukawa unaifuta. Chini ya visu kuna sili ya raba inayozuia juisi isishuke kwenye beringi, sasa sili ikichoka juisi inapita, inaosha grisi yote, beringi inaanza kusagana chuma kwa chuma na ule weusi unaouona ni grisi iliyochanganyika na kutu na unga wa chuma. Na usifikiri weusi unashuka tu, njia ikishafunguka inapitisha pande zote mbili, kinachotoka chini kinaweza kupanda juu kwenye supu ya mtoto. Beringi ikikauka visu vinakuwa vizito kuzunguka, kigia kinabeba mzigo ambao si wake mpaka meno yanaisha. Kwa hiyo usibadilishe kigia peke yake, badilisha na seti ya visu nzima na washa yake, yaani ile raba ya kuzuia kuvuja, la sivyo utarudi tena kwa fundi na tatizo lilelile. Na mpaka ibadilishwe usisagie chakula.

Ya kwanza hiyo iliungua kweli, na hapa ndio nataka nikae kidogo maana ukielewa iliunguaje hata hili la wati 3000 litajijibu.

Mota iliyomo kwenye blenda nyingi za nyumbani ni ile ya kaboni, yaani yenye vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, ndogo lakini inakimbia sana, bila mzigo inaweza kupita mizunguko 20,000 kwa dakika. Mota ya aina hii ikiwa inazunguka inatengeneza yenyewe umeme wa kupingana na ule unaoingia, na huo upinzani ndio unazuia isinywe umeme kupita kiasi. Sasa ukiweka kitu kigumu au kikavu kisichozunguka, mwendo unashuka, upinzani unashuka, umeme unaoingia unapanda, na ule wa ziada hauendi kwenye kusaga, unageuka joto kwenye koili. Wakati huohuo feni ya kuipoza mota imefungwa kwenye mhimili uleule, mota ikienda taratibu na feni nayo inaenda taratibu. Yaani pale inapochemka zaidi ndipo inapopozwa kidogo zaidi. Vanishi iliyopaka waya wa koili inaanza kuungua, ndio ile harufu uliyoisikia, ukiendelea waya zinagusana zinapiga shoti na mchezo umeisha. Haichukui muda mrefu, kwa blenda ndogo iliyokwama ni jambo la sekunde tu.

Kwa hiyo kilichoua ile blenda sio udogo wake peke yake. Viungo vikavu havina maji ya kuvizungusha, vinajikusanya chini ya visu na pembeni, na wewe unaongeza spidi ukidhani itasaidia.

Sasa wati. Kwanza wati ni kiasi cha umeme ambao mota inakula, haikwambii inatoa kazi kiasi gani kwenye visu, mota mbovu inaweza kula umeme mwingi na nusu yake ikaishia kuwa joto na kelele. Pili, namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ule mkupuo wa juu kabisa, yaani umeme inaovuta kwa muda mfupi mno ikiwa imebanwa, na nyingine ni namba ya kuuzia tu haitoki popote. Kwa hiyo achana na boksi, pindua blenda usome stika iliyo chini ya besi. Hapo utakuta kitu kama 220-240V, 50/60Hz, 500W, na zingine zina maandishi KB 1 min. Hiyo KB imetokana na Kijerumani, maana yake ni kazi ya muda mfupi, blenda yako inaruhusiwa kukimbia dakika 1 mfululizo halafu ipumzike. Ukiona mashine boksi linasema 3000 stika inasema 500 basi ni ya 500, usibishane nayo.

Na kama hata stika inasema 3000, angalia waya. Wati 3000 gawanya kwa volti 230 unapata ampea 13 hivi, huo ni mzigo wa jiko la umeme. Kwenye ganda la waya kuna maandishi madogo yamechapwa, tafuta namba kama 2x0.75, hiyo ni unene wa kopa kwa milimita za mraba. Waya wa 0.75 si wa kubeba ampea 13, kwa hiyo ukikuta blenda ya "3000" ina waya mwembamba hivyo, mtengenezaji mwenyewe anajua kwamba haifiki huko. Nenda dukani na mzee ukamwonyeshe, atakuelewa haraka kuliko mkibishana nyumbani.

Basi wati ngapi zinatosha? Kwa matunda laini, nyanya, vitunguu, supu iliyoiva, wati 400 mpaka 600 za kweli zinafanya kazi vizuri tu. Barafu na matunda yaliyoganda panda kidogo, 700 mpaka 1000. Zaidi ya hapo ni kwa mtu anayesaga vitu vigumu kila siku au anayetaka laini kabisa isiyo na chembe, na hizo nzuri za kundi hilo ni nzito, zina mota kubwa yenye feni ya maana, na bei yake haifanani na za kawaida. Ukiona blenda nyepesi unainyanyua besi kwa vidole viwili na wanakwambia ina nguvu ya ajabu, jiulize kopa na chuma vya hiyo mota viko wapi. Bili ya umeme wala isikusumbue, blenda ya wati 500 ukiitumia dakika 5 kila siku kwa siku 30 inakula uniti 1.25 tu.

Kuna watu watakwambia angalia makali ya visu. Sikatai kwamba kisu kibutu kabisa ni shida, ila kinachosaga kwenye blenda kwa sehemu kubwa ni mwendo, na ule mzunguko wa chakula kushuka katikati na kupanda pembeni. Baadhi ya zile za gharama kubwa visu vyake ukivigusa havina hata makali. Cha kuangalia ni umbo: viwe vinne au sita, vingine vimeinama juu na vingine vimeshuka karibu na sakafu ya jagi, na jagi lisiwe pana sana chini, maana pakiwa pana chakula kinakaa pembeni visu vinazunguka kwenye hewa tupu. Ile hali ya mota kulia juu ghafla na chakula kimesimama ni hewa hiyo, imetengeneza kishimo juu ya visu. Dawa yake ni kuzima, kuongeza maji kidogo, kukoroga kwa mwiko huku imezimwa, na kuwasha kwa kubofya-bofya. Anza na maji chini kila siku, halafu vitu laini, barafu na vigumu juu.

Kwenye jagi dada yako yuko sahihi nusu. Kioo hakikwaruziki kirahisi, hakishiki harufu ya kitunguu wala rangi ya nyanya, na unaona usafi wake. Ila ni kizito, ukikiangusha kwaheri, na hakipendi mshtuko wa joto, yaani umetoka kusaga barafu sasa hivi halafu unamimina supu ya moto kinaweza kupasuka mkononi. Plastiki nazo zinatofautiana. Polikaboneti, ile ngumu inayong'aa kama kioo, inatengenezwa kwa kemikali inaitwa BPA na kiasi kidogo kinaweza kuhamia kwenye chakula hasa kikiwa cha moto, mpaka Umoja wa Ulaya mwishoni mwa 2024 wakapitisha kuipiga marufuku kwenye vyombo vya chakula, kwa kupewa muda wa kuhama. Lakini siku hizi majagi mengi ya plastiki ni ya aina nyingine isiyotumia BPA, kwa mfano Tritan, na yale ya bei ya chini mara nyingi ni SAN ambayo nayo haina BPA ila inapasuka nyufa nyembamba haraka. Usidanganyike na ile namba 7 kwenye pembetatu chini ya jagi, 7 ni kapu la "nyinginezo", polikaboneti imo na Tritan imo, kwa hiyo haikwambii chochote. Tafuta maandishi yanayosema wazi haina BPA. Na jagi la plastiki likishakuwa na ukungu wa mikwaruzo usioisha kwa kuosha, libadilishe, mikwaruzo ile ndiko mabaki na bakteria wanakojificha. Kwa hiyo hapana, plastiki sio sumu kwa jina lake. Kwa nyumba yenye supu ya mtoto mimi ningeegemea kioo kinene, ila kama wanaoosha vyombo ni watoto ningechukua Tritan bila wasiwasi.

Ile ya kikombe uliyoipenda ni nzuri kwa mtu mmoja anayetaka smuthi yake asubuhi na kuondoka nayo. Kwa watu watano utasaga raundi nne, na mota ndogo raundi nne mfululizo tumeshaongea inakwendaje. Lakini sababu kubwa inayonifanya nikuzuie ni supu. Kikombe kile kimefungwa pande zote, hakina pa kupumulia. Ukiweka kitu cha moto mvuke unajaa ndani, presha inapanda, ukifungua kinalipuka usoni. Hata kitu cha baridi ukikisaga muda mrefu visu vyenyewe vinakipasha kwa msuguano, na vinywaji vyenye gesi navyo vina mchezo huohuo. Watu wameungua vibaya kwa hili, na wewe una mtoto karibu. Yale maneno kwamba inatoa virutubisho ambavyo blenda nyingine haziwezi, ni ya kuuzia.

Hata kwenye blenda ya jagi supu ya moto ina adabu yake. Iache ipoe kidogo, usijaze zaidi ya nusu, toa kile kikofia cha katikati ya mfuniko ufunike tundu kwa kitambaa kilichokunjwa, anza na spidi ya chini kabisa. Ukijaza mpaka juu ukawasha spidi ya mwisho mfuniko unaruka. Kama supu ya mtoto ndio kazi ya kila siku, fikiria kununua pembeni ile blenda ya mkono ya fimbo, unaichovya kwenye sufuria unasaga humohumo, vyombo vichache na hakuna presha. Kwa supu mimi naipenda kuliko hizi zote, ila ya barafu na viungo usiipe.

Viungo vikavu vitafutie kisagio chake. Blenda nyingi zinakuja na kikombe kidogo cha kusagia vitu vikavu, chenye visu viwili bapa vilivyo chini kabisa, hicho ndicho. Jaza nusu, bofya kwa sekunde chache, acha, tikisa, bofya tena. Usisagie vikavu kwenye jagi kubwa, vinakwaruza plastiki na vumbi lake linaingia kwenye sili, ndio mwanzo wa yale maji meusi. Tangawizi mbichi ikatekate vipande vidogo kukata nyuzi zake na uisage na maji. Na unga wa kukanda usiutie kabisa, hapo hakuna blenda ya nyumbani itakayokushukuru.

Ukifika dukani fanya hivi na usione aibu. Ikiwa haijachomekwa, shika visu kwa kitambaa uvitikise upande kwa upande, visicheze. Vizungushe taratibu, viende laini bila kukwaruza. Angalia kigia cha chini, na uliza swali moja ambalo kwangu lina uzito kuliko wati: kigia, washa, seti ya visu na jagi la akiba vinapatikana kwa kununua kimoja kimoja? Muuzaji akikwambia "hii haiharibiki" hajakujibu. Blenda ya wati 500 yenye spea mtaani inaishi kuliko ya 1500 ambayo jagi likivunjika unatupa kila kitu. Kama kuna modeli mbili zinakaribiana mimi nachukua ile yenye spea bila kuangalia nyingine, na ikiwa visu vinafunguka kutoka kwenye jagi ni bora zaidi kwa kuosha, ila ile washa ya raba ikipotea kwenye maji machafu usiitumie bila hiyo. Halafu iwashwe mbele yako tupu sekunde mbili tatu tu, usikie mlio mmoja ulionyooka, usio na kugonga. Jaribu kuiwasha bila jagi, nyingi zina swichi ya usalama inayoikataza na ni jambo zuri ukiwa na mtoto anayepanda meza. Spidi mbili na kitufe cha kubofya zinatosha, zile kumi na mbili hutazitumia. Volti hakikisha inaendana na umeme wa kwenu, ya 110-120 ukiichomeka kwenye 230 inakufa palepale. Ikiwa na plagi ya miguu miwili usishtuke, tafuta alama ya mraba ndani ya mraba kwenye stika, maana yake imekingwa mara mbili umeme usivuje na haihitaji waya wa ethi.

Ikiwa mpya inaweza kutoa harufu kidogo siku za mwanzo na cheche ndogo za bluu ukichungulia kwenye matundu, hiyo ni kaboni inakaa sawa. Duara zima la moto sio kawaida. Na ikizima ghafla katikati ya kazi usiitupe haraka, nyingi zina kizuizi cha joto, chomoa iache nusu saa mpaka saa nzima uijaribu tena, ikiwaka imekusamehe, punguza mzigo. Isipowaka huenda ni fyuzi ya joto ndani, kuna aina ambayo ikikatika ni mara moja, hapo fundi anaibadilisha. Asikuunganishie waya moja kwa moja bila fyuzi, ukisikia anasema "nimeiruka tu" ichukue uondoke nayo.

Kuna mambo ambayo hayasubiri ushauri wa mtandaoni. Ukishika besi ukahisi umeme unakutekenya, ukiona moshi, au juisi imeingia ndani ya mota, kata umeme kwenye swichi ya ukutani kwanza, chomoa, na isirudi kwenye plagi mpaka fundi wa umeme aipime ana kwa ana. Kioo kikimeguka au ncha ya kisu ikipungua, mwaga chakula chote, usichuje, na mtu akishakula na anahisi maumivu au kuna damu mpeleke hospitali. Akiungua na supu, maji ya bomba ya kawaida yatiririke juu ya jeraha dakika 20, sio dawa ya meno, na mtoto mdogo aonwe na daktari hata kama panaonekana padogo.

Kwa hiyo kwa nyumba yako, tafuta ya jagi la lita 1.5 lenye kioo kinene, wati 600 mpaka 800 kwenye stika ya chini, yenye kisagio cha vikavu pembeni na spea zinazojulikana. Lakini usinunue wiki hii. Chukua hiyo ya pili umpelekee fundi mwambie aangalie kigia na seti ya visu kwa pamoja, akupe bei ya vyote viwili. Ikiwa chini ya nusu ya bei ya mpya na mota haina harufu, itengeneze, na hela inayobaki nunua ile ya mkono kwa ajili ya supu ya mtoto. Ikizidi hapo, nenda kanunue, na ukikwama kati ya mbili nitumie picha ya stika ya chini, ya boksi usihangaike nayo.